Jina la Mwenye Mfupa

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa maji kwa kibuyu, bado sijaaminiwa mtungi, baba alirudi kutoka nchi ya Lindi na mfupa uliogeuka jiwe. Wanaume wengine waliorudi kutoka mashamba ya mkonge walileta blanketi, sufuria na shanga. Baba naye alileta, lakini mfupa ndio alioufungua kwanza. Aliulaza juu ya mkeka mbele ya bibi, mama yake, taratibu, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga kwa wageni.

Mtoto mchanga wa kweli alikuwa mgongoni kwa mama yangu, pale mlangoni. Alizaliwa baba akiwa hayupo, na alikuwa hajapewa jina, kwa sababu nyumbani kwetu mtoto wa kiume alimngoja baba yake. Tulimwita Mtoto tu. Baba alimpokea, akamtazama, akacheka, akamrudisha kwa mama. Kisha akarudi kwenye mfupa wake. Simlaumu. Mtu akitoka mbali ana haraka ya kuonyesha kule alikotoka, na baba alidhani mtoto ni wa kukaa naye miaka mingi.

Mfupa wenyewe ulikuwa mrefu kama mkono wangu wote, mnene upande mmoja na uliochongoka upande wa pili. Rangi yake ilikuwa ya kichuguu baada ya mvua. Nilijaribu kuuinua kwa mkono mmoja nikashindwa. Baba alieleza kwamba alipochoka kukata mkonge alisikia kuna Waingereza wanaandika watu kazi ya kuchimba mifupa kwenye kilima, ndani kabisa ya pori. Mifupa ya wanyama waliokufa kabla ya kuwapo watu. Mingine ilikuwa mikubwa kuliko mlango wa nyumba yetu. Waliifunga kwa matete na udongo, wakaichukua kichwani hadi baharini, ikapelekwa Ulaya. Huu ulikuwa ncha iliyovunjika, na bwana wao aliutupa kwenye lundo la vipande visivyofaa.

"Ukitaka kujua kama ni mfupa au ni jiwe, unalamba," baba alisema. "Jiwe halikamati ulimi. Mfupa unakamata." Akaulamba, na kweli ulimi wake ulinata kidogo kabla ya kuachia. Mimi nilicheka. Bibi aligeuza uso.

"Umelamba maiti."

"Ni mnyama, mama."

"Mnyama gani?"

"Sisi tulikuwa tunamwita Bwana Miiba. Alikuwa na miiba kama hii mgongoni mpaka mkiani."

"Hilo ni umbo lake. Mimi nakuuliza jina."

"Jina hatulijui. Wazungu wanalijua."

"Basi umeleta nyumbani mtu usiyemjua jina," bibi alisema, "na nyumbani kuna mtoto asiye na jina."

Baba alidhani ni mzaha. Bibi hakuwa akifanya mzaha. Inafaa nieleze hapa, maana watu wa siku hizi hawajui. Mbele ya nyumba yetu ilipita njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani kuja Tabora na kuendelea hadi ziwani. Nilipozaliwa mimi ilikuwa imemezwa na majani, reli imeshachukua kazi yake, lakini bibi aliipita akiwa msichana, akimfuata babu aliyekuwa mpagazi wa pembe za ndovu. Aliona watu wakianguka njiani na kuachwa. Alisema wapagazi hawakuogopa sana kufa. Waliogopa kufa miongoni mwa watu wasiojua majina yao. Mtu aliyekufa hivyo hakubaki pale alipoangukia. Alifuata mzigo. Mzigo ukifika nyumbani kwa mtu naye amefika, anaingia ndani, anaanza kulia, na kwa kuwa hana mdomo analilia katika mdomo wa mdogo kuliko wote. Dawa yake ilikuwa moja tu, kumtamkia jina lake, ajue kwamba anajulikana, aondoke.

Baba alisema hayo yalikuwa ya watu, na huyu ni mnyama. Bibi alimuuliza kama hakuubeba kichwani tangu Lindi. Na kweli aliubeba.

Mtoto alianza kulia siku chache baadaye, baba akiwa bado hajampa jina. Alikuwa na joto mwilini. Liliondoka asubuhi, likarudi mchana, na kila liliporudi alilia kwa sauti kali ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Kwetu mtoto mchanga akilia namna hiyo, wazee wanasema kuna marehemu wa ukoo anayetaka jina lake. Kwa hiyo bibi alifanya kama inavyofanywa. Alimdondoshea maji mdomoni, akamwinamia, akamtamkia sikioni jina la babu. Mtoto aliendelea kulia. Akatamka jina la kaka yake babu, na la baba yao, na la mjomba mmoja aliyepotelea Manyema. Mtoto aliendelea kulia. Mama yangu alikuwa ameketi ukutani na mikono imefunguka mapajani, akingoja kurudishiwa mwanawe. Alitoka familia ya Kikristo ya Puge, na najua alitaka mtoto apelekwe kwa mapadre abatizwe. Lakini alikuwa mkwe, na mkwe hasemi kabla ya mama mkwe hajamaliza.

Bibi alipomaliza majina aliyokuwa nayo alisema, "Anayelia si mtoto."

Baba alikasirika. Akasema mfupa utabaki, na mtoto anaota meno. Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba mtoto wa umri ule haoti meno. Hilo ndilo neno pekee nililomsikia akisema siku ile. Asubuhi iliyofuata mtoto alikataa kunyonya, na baba aliuzungushia mfupa blanketi mpya.

"Nitakwenda kulitafuta hilo jina," alimwambia bibi. "Nikilileta, utanyamaza?"

"Atanyamaza yeye," bibi alisema.

Alinichukua mimi kwa sababu nilikuwa najifunza herufi kwa katekista, na alisema maneno ya Kizungu hayakai kichwani mwa mtu asiyejua herufi. Nilifurahi. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mdogo wangu alikuwa anaumwa na mimi nilifurahi kwenda mjini na baba.

Tulianzia Tabora kwa Mzee Hamisi, fundi wa pembe, aliyechonga mipini ya visu na bangili kwenye kibaraza chake. Baba yake alikuja na misafara na hakurudi pwani. Alimjua kila mnyama wa bara kwa pembe yake na kwa ukucha wake.

"Haya, Mnyamwezi," Mzee Hamisi alisema, baba alipofungua blanketi. "Leo umebeba nini, au ni mguu wa mkweo?"

"Shikamoo, mzee. Nataka jina lake tu."

"Marahaba. Jina ni bure. Kuuza je?"

"Siuzi."

Mzee Hamisi aliugeuza, akaugonga kwa ukucha, akausogeza kwenye mwanga. Alichukua kipande cha pembe ya kifaru akakiweka kando yake. Pembe ya kifaru, alituonyesha, ni nywele zilizoshikana, haina mfupa ndani. Huu ulikuwa mfupa mtupu, una vitundu kama mkate. Akaleta gamba la kakakuona. Hilo nalo ni kama ukucha, likichomwa linanuka nywele. Mwishowe alitoa kipande cha ngozi ya mgongo wa mamba, akakipasua kwa kisu, na chini ya kila kinundu tuliona kifupa kidogo kilichokaa peke yake, hakikushikana na mbavu wala uti wa mgongo.

"Huyu wako ni wa namna hii," alisema. "Mifupa yake aliivaa nje, kama askari. Lakini mamba gani anayebeba mkuki mgongoni? Mimi simjui. Na kama mimi simjui, basi si wa huku, si wa Manyema, si wa Karagwe."

"Nani atamjua?"

"Kipalapala. Kuna padre mzee pale anakusanya mawe na mende. Mwangalie asikubadilishie dini njiani."

"Nilishabatizwa, mzee."

"Basi yeye hana hasara."

Baba alicheka, na mimi nikacheka kwa kuwa baba amecheka. Tukaenda Kipalapala.

Ukumbini kwa padre watu walikuwa wamepanga mstari. Kina mama wenye watoto, mzee mwenye kidonda, kijana anayetetemeka katika shuka ilhali jua lilikuwa kali. Walingoja dawa. Palikuwa na kabati la vioo na ndani yake chupa. Sisi hatukupanga mstari. Padre aliuona mfupa kwa mbali ukitokeza kwenye blanketi, akaja mwenyewe hadi kwetu, akatupeleka chumbani kwake. Alikuwa mtu mwema. Alisema Kiswahili kizuri na alisalimia kama watu wanavyosalimia.

"Hamjambo?"

"Hatujambo, padre."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na watoto?"

"Wazima, padre."

Nililisikia jibu hilo na sikushangaa. Hivyo ndivyo mtu anavyojibu. Kwanza unasema wazima, kisha maongezi yakitulia unasema, lakini mdogo ana homa kidogo. Nafikiri baba alikusudia kufika hapo. Lakini padre alifungua kitabu chenye picha, na maongezi hayakutulia tena.

Nakumbuka zile picha kuliko ninavyokumbuka sura ya mdogo wangu. Kulikuwa na mnyama wa Amerika mwenye vibao vipana vilivyosimama mgongoni kama vigae. Kulikuwa na wa Uingereza, mfupi wa miguu, aliyefunikwa kama chungu kilichogeuzwa, na mifupa midogo imepangwa juu yake mistari mistari. Na kulikuwa na wa Lindi. Huyo alikuwa na vibao shingoni na mabegani, na kuanzia kiunoni vibao viligeuka miiba, miwili miwili, hadi mwisho wa mkia. Padre aliweka ncha ya mfupa wetu juu ya picha, akaisogeza toka mwiba hadi mwiba, akitafuta ulikokaa.

"Tulichimba vibao na miiba katika shimo moja," baba alisema. "Sisi tukadhani ni wanyama wawili, mmoja amemwangukia mwenziwe."

"Ni mmoja. Na hawa wote ni ukoo mmoja. Wa Amerika, wa Uingereza, wa kwenu."

"Ukoo mmoja nyumba mbalimbali."

"Vizuri sana. Ndivyo hivyo."

Sijawahi kumwona baba akifurahi namna ile, wala kabla wala baadaye. Aliinama juu ya kitabu, akaeleza kwa mikono jinsi kibao kilivyokaa udongoni, padre akiandika na kuuliza. Walipimanisha mfupa na picha, wakarudi nyuma kwa yule wa Uingereza, wakalinganisha tena. Kijana wa shuka alisikika akitapika ukumbini. Kisha baba akauliza kama mnyama huyo aliishi na huku kwetu pia, Unyamwezi.

Padre alitikisa kichwa. Alisema miamba ya huku ni ya kale mno, haijahifadhi mfupa wowote wa namna hiyo. "Hapa Tabora huyu ni mgeni," alisema.

Baba alinyooka. Nadhani neno hilo lilimrudisha nyumbani ghafla, maana aliacha kucheka, akaomba jina, akaanza kufunga blanketi. Padre alilitamka. Lilikuwa jina refu la Kiyunani, akasema maana yake ni mjusi mwenye ncha. Baba alilijaribu likamvunjikia mdomoni. Padre alinigeukia mimi, akanitamkia polepole, nami nikalirudia lote. Alinipa pipi. Aliomba abaki na mfupa aufanyie kazi zaidi, baba akasema ataurudisha, kwanza una kazi nyumbani. Padre hakuuliza kazi gani.

Tulirudi mbio mbio. Nililibeba lile jina mdomoni kama mtu aliyebeba maji viganjani, nikilisema chini chini kila hatua, na niliogopa kwamba nikisema neno lingine lolote litamwagika. Kwa hiyo sikumsalimia mtu. Tuliwapita wazee wanaotoka mjini, na mama mmoja mwenye mzigo wa kuni akanisimamisha.

"Mwangaluka, binti."

Nilimtazama tu, midomo ikicheza.

"Huyu mtoto wa nani asiyesalimia wakubwa? Au ni bubu?"

"Si bubu, dada," baba alisema akiwa ameshampita. "Amebeba kitu mdomoni."

"Basi ameze, asalimie."

Tulifika jua likiwa bado juu ya miti, ng'ombe hawajarudi. Kilio tulikisikia kabla hatujaiona nyumba, na nakumbuka nilifurahi kwamba tumewahi. Bibi alikuwa kizingitini na kibakuli cha maji. Baba aliweka mfupa chini, akanisukuma mbele. Nililitamka lile jina lote, bila kukosea, na nilihisi mdomo wangu umekuwa mwepesi.

Bibi aliniambia nilirudie mara kadhaa mpaka akalipata kwa namna yake. Kisha alifanya kama inavyofanywa. Jina la marehemu linatamkwa kwenye sikio la anayelia. Hakujua namna nyingine, wala hakuna aliyemfundisha namna ya kuliambia jiwe. Alimchukua mtoto kutoka kwa mama, akamdondoshea maji, akamwinamia, akalisema.

Mtoto alinyamaza.

Baba alijifuta uso. Bibi alitikisa kichwa polepole, akamwambia mgeni aende salama kwa watu wake. Ni mama peke yake ambaye hakutulia. Alisimama, akauliza, "Jina hilo umempa nani?"

"Nimempa mwenyewe," bibi alisema.

"Umelisema kwenye sikio la mwanangu."

"Ndiko alikokuwa analilia."

"Umelisema kwenye sikio la mwanangu," mama alirudia, akamchukua mtoto, akaingia naye ndani. Baada ya muda tulimsikia akimwita. Hakuwa na jina la kumwitia. Alikuwa anasema, "Wewe. Wewe." Ng'ombe waliporudi mdogo wangu alikuwa amekufa.

Alizikwa kimya kimya, kama wanavyozikwa watoto wadogo. Baba aliuchukua mfupa akaurudisha Kipalapala, hakunichukua safari hiyo, na sijui padre alipomuuliza kama nyumbani hawajambo alijibu nini. Msimu ule ule alirudi Lindi. Alikuwa akija na kuondoka, na alipokuwa nyumbani hakuzungumza tena habari za wanyama. Mama na bibi waliishi pamoja hadi bibi alipofariki, wakitwanga kwenye kinu kimoja, wakisemeshana kwa adabu. Lakini mama aliamini kwamba mwanawe alipewa jina la aliyekufa zamani mno, akaitika, akamfuata. Na bibi aliamini kwamba mgeni alipoondoka alikuwa ameshakaa ndani ya mtoto siku nyingi kiasi kwamba hawakuachana. Hakuna aliyemwambia mwenziwe. Niliyasikia kwa nyakati tofauti, mimi niliyelileta jina.

Sasa naishi Bukene, mume wangu ana kazi kwenye reli, na nimesoma kiasi cha kujua joto lile lilikuwa nini. Wanangu nikiona wamechemka nawapa kwinini ya malaria. Mara nyingi nimelifikiria lile kabati la vioo, na kijana wa shuka, na jibu la baba. Mtu anafundishwa tangu utotoni kusema wazima. Ninawafundisha na wangu hivyo hivyo, na kila ninapowafundisha moyo unasita.

Mwaka huu nilipojifungua, mama alikuja kunitazama. Siku moja alikuwa akimwogesha mtoto kwenye karai, akamfuta, akamfunga, kisha akaniuliza bila kuniangalia, "Kalunde, lile jina mlilotoka nalo Kipalapala, unalikumbuka?"

"Ninalikumbuka, mama."

"Niambie."

Nilimuuliza analitakia nini.

"Wafu wangu nawaombea kwa majina," alisema. "Nikimfikia yeye nanyamaza. Sijui nimwiteje. Nimelichukia miaka yote hiyo, lakini ndilo alilopewa. Hakupewa jingine."

Mimi nimesoma, na najua ni jina la mjusi wa kale lililoandikwa kitabuni, na kwamba watu wa Ulaya wanalitaja kila siku na watoto wao hawafi. Hata hivyo nilimchukua mwanangu kutoka mikononi mwa mama, nikavuka ua, nikampa jirani yangu anishikie kidogo. Mama aliniona nikimtoa. Hakuuliza sababu. Nilirudi, nikafunga mlango, nikamwambia.

Alilijaribu likamvunjikia. Nikamkatia vipande vipande kama tunavyowakatia watoto maneno marefu, naye akafuata nyuma yangu, kipande baada ya kipande, mpaka akalishika lote. Alilirudia peke yake, macho ameyafumba. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikitega sikio upande wa kwa jirani. Kulikuwa kimya kwa muda mrefu. Kisha nikamsikia mwanangu anaanza kulia, kilio cha kawaida cha njaa, nikakaa chini pale pale kizingitini.